Mianya ya Vigae

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, utapita Ipogolo. Sisi tupo bondeni. Mji wa Iringa upo juu ya mlima. Mto Ruaha Mdogo unapita karibu nasi. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Madereva wanahitaji kula, kulala na kuoga. Kwa hiyo nyumba za wageni ni nyingi, na karibu kila nyumba ya wageni siku hizi ina vigae bafuni.

Mimi ni mwanamke wa hapa Ipogolo. Nilianza kazi ya ujenzi kwa kubeba maji na mchanga. Baadaye nikawa saidia fundi. Sasa nina kazi yangu mwenyewe. Kazi hiyo ni kujaza mianya kati ya kigae na kigae. Fundi akimaliza kubandika vigae, huniita mimi. Wengine wakisikia hucheka. Husema, "Hiyo nayo ni kazi?" Ndugu msomaji, ni kazi. Nataka nikueleze inavyofanywa, maana siku hizi hata vijijini watu wanaweka vigae. Wengi hutumia fedha nyingi kununua vigae vizuri, halafu huharibu mambo mahali hapa pa mwisho.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Zamani tukisema kigae tulikuwa na maana ya kipande cha chungu kilichovunjika. Kigae ninachosema hapa ni bamba la udongo lililochomwa kwa moto mkali sana. Hubandikwa sakafuni au ukutani. Wengine huita marumaru, ingawa marumaru yenyewe ni jiwe. Miaka ya nyuma vigae vingi vilitoka nchi za nje. Sasa viko vinavyotengenezwa hapa Tanzania, huko Mkuranga na Chalinze katika Mkoa wa Pwani.

Kati ya kigae na kigae huachwa nafasi ndogo. Hiyo ndiyo mwanya. Mwanya hujazwa unga maalumu uliochanganywa na maji. Unga huo ni simenti yenye rangi, na mara nyingine huwa na mchanga laini sana. Dukani huitwa grauti. Ukifika dukani sema hivyo, watakuelewa. Wako wanaotumia simenti nyeupe peke yake. Inafaa mahali pakavu na penye mianya myembamba. Bafuni mimi siipendi, maana hupasuka mapema.

Mtu mmoja aliniuliza, "Kwa nini tuache mwanya? Si tubananishe vigae, tusijaze kitu?" Swali lake ni zuri. Vigae havilingani kabisa. Hata vya kasha moja hupishana kidogo. Tena sakafu haikai kama ilivyo siku zote. Ikipata joto hutanuka kidogo, ikipata baridi hujikunja kidogo. Vigae vikibanana bila nafasi husukumana. Siku moja utasikia mlio kama wa chungu kupasuka, na vigae vitainuka vyenyewe. Nimeona jambo hilo mara mbili.

Mwanya wa milimita 3 unatosha nyumba nyingi. Milimita 3 ni kama unene wa njiti moja ya kiberiti na nusu. Kuna vipande vidogo vya plastiki vyenye umbo la msalaba, ambavyo fundi huviweka kati ya vigae ili mianya yote ilingane. Havina bei kubwa. Mwambie fundi wako avitumie. Fundi anayekadiria kwa macho ataniachia mianya iliyopinda, na mwanya uliopinda haunyooki hata ukijazwa na nani.

Sasa nitakusimulia habari ya bafu la mama yangu. Kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko nyingi nilizofanya, lakini ndiyo iliyonipa shida kuliko zote.

BAFU LA MAMA

Mama yangu amepita miaka 70. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, yaani matofali ya udongo ambayo hayakuchomwa. Nje imepigwa lipu ya simenti. Ni nyumba nzuri, yenye joto wakati wa baridi. Wewe unayeishi Iringa, Njombe au Mbeya unajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Lakini tofali bichi lina adui mmoja, naye ni maji. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope.

Bafu la mama lilikuwa nje, hatua kama 30 kutoka mlangoni. Usiku mmoja wa mvua aliteleza njiani akaanguka. Mkono uliteguka. Tulikaa kama familia tukakubaliana kwamba mama apate bafu ndani ya nyumba. Tulichanga. Mdogo wangu wa kiume anayefanya biashara Makambako alitoa sehemu kubwa. Mimi sikuwa na fedha nyingi, nikasema nitatoa kazi.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hilo. Tunachukua maji, tunayaingiza ndani ya nyumba ya matofali mabichi. Maji yakipata njia ya kupenya, bafu hilo litakula ukuta kidogo kidogo. Huwezi kuona kwa macho. Utaona lipu inavimba chini, halafu siku moja ukuta unainama. Na anayelala upande wa pili wa ukuta huo ni mama.

Kwa hiyo tulianza chini. Sakafu ilimwagwa zege, nayo ikapewa mteremko kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Kuta za bafu zilipigwa lipu nzito ya simenti kabla ya vigae. Nakuambia haya ili usidanganyike. Grauti peke yake haizuii maji yote. Ni simenti, na simenti hunywa maji kidogo. Kazi ya kuzuia maji hufanywa na mteremko, na lipu, na kigae, na mwanya uliojaa vizuri, vyote pamoja. Kama sakafu haina mteremko, maji hutuama juu ya mianya mchana kutwa, na hapo hakuna grauti itakayokusaidia.

Kwa sakafu tulichagua vigae vyenye uso wa kukwaruza. Vigae vinavyong'aa vina sura nzuri, lakini vikilowa huteleza kama samaki. Usimwekee mzee vigae hivyo bafuni.

Bafu lilikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 10, na upana wa mita 1 na nusu. Vigae vilikuwa vya sentimita 30 kwa 30. Sakafu ilichukua vigae 35. Ukutani tuliweka mistari mitatu kuzunguka chumba. Jumla ikawa vigae kama 100.

Sasa tufanye hesabu. Kila kigae kina pande nne, lakini kila upande hugawana mwanya na jirani yake. Kwa hiyo kila kigae kina mwanya wake wa pande mbili, yaani sentimita 60. Vigae 100 ni sentimita 6,000. Hizo ni mita 60. Ndani ya bafu dogo la mama mna mwanya wenye urefu wa mita 60! Ukiunyoosha unakaribia upana wa uwanja wa mpira. Mahali pote hapo maji yanatafuta tundu.

Kwa vigae vya ukubwa huo, vyenye unene wa milimita 8, na mwanya wa milimita 3, unga wa robo kilo unatosha kwa mita moja ya mraba. Sisi tulikuwa na mita 9 za mraba. Robo mara 9 ni kilo 2 na robo. Tulinunua kilo 3, kwa sababu mwingine humwagika na mwingine hubaki ndani ya ndoo.

Nunua unga wote siku moja. Angalia namba iliyopigwa kwenye mifuko. Mifuko yenye namba moja ilitengenezwa pamoja, na rangi yake hulingana. Ukirudi dukani baada ya mwezi kuongeza kilo moja, unaweza kupata rangi nyingine, na sakafu itakuwa na kiraka. Bonyeza mfuko kwa vidole pia. Ukisikia mabonge magumu ndani, unga umepata unyevu. Urudishe.

Juu ya rangi, nina maoni yangu. Watu wengi wanataka nyeupe. Udongo wa kwetu ni mwekundu. Mvua ya kwanza ikinyesha, watoto wakiingia na matope, nyeupe yako imekwisha. Kwa sakafu chukua kijivu au rangi ya udongo. Nyeupe iweke ukutani kama unaipenda sana.

UGOMVI WA UFUNGUO

Fundi alimaliza kubandika vigae siku ya Alhamisi jioni, mwezi wa saba. Jumamosi tulikuwa na harusi ya mpwa wetu, na ndugu wengi walikuwa waje kulala kwa mama. Ijumaa asubuhi mdogo wangu akafika kutoka Makambako. Akaangalia bafu, akafurahi.

Akaniambia, "Dada, jaza leo. Kesho watu waoge."

Nikamwambia, "Haiwezekani. Vigae vimewekwa jana jioni. Gundi iliyo chini yake bado mbichi. Nikipanda juu na kuvisukuma, vitacheza. Tena hii ni baridi. Kwenye baridi simenti hukauka polepole. Nitajaza Jumatatu, na mama ataoga Ijumaa ijayo."

Akasema, "Fundi wa kwangu hujaza siku ile ile. Wewe unataka kutuaibisha mbele ya wageni. Fedha nimetoa mimi."

Maneno hayo yaliniuma. Ni kweli fedha alitoa yeye. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani walinyamaza. Kila mmoja alisikia. Kwetu dada mkubwa huheshimiwa, lakini mwenye kutoa fedha naye husikilizwa, na siku hiyo sikujua ni upande gani ungekuwa mzito zaidi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akasema, "Nileteeni huo mfuko. Na miwani yangu."

Mama yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilipokuwa katika kampeni ya kufuta ujinga. Alikuwa tayari na watoto. Alikwenda darasani jioni baada ya kutoka shambani, mtoto mgongoni. Mpaka leo husoma kila kitu kinachopita mbele yake, hata karatasi ya kufungia maandazi. Husoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

Akasoma maandishi ya Kiswahili yaliyokuwa nyuma ya mfuko. "Subiri... saa ishirini na nne... baada ya kubandika vigae. Katika baridi... subiri zaidi." Akarudia neno "zaidi". Akaendelea mpaka mahali paliposema mianya isimwagiwe maji kwa siku kadhaa. Kisha akavua miwani.

Akasema, "Mfuko umesema. Wageni wataoga nje. Bafu la nje mimi nimeoga miaka 40, hawatakufa kwa siku mbili."

Akafunga mlango wa bafu, akauweka ufunguo kwenye pindo la khanga yake, akapiga fundo. Shangazi mmoja kutoka Mafinga aliuomba ufunguo mara tatu siku ya Jumamosi, eti aone tu. Hakupewa. Mdogo wangu alinunua turubai akazungushia bafu la nje ili wageni wasitiriwe. Alifanya kazi hiyo kimya kimya, na hakuniaga alipoondoka.

Ndugu msomaji, nawe usiogope mfuko. Mingine imeandikwa Kiswahili, mingine Kiingereza tu. Lakini namba ni zile zile. Tafuta "kg", hiyo ni kilo. Tafuta "L" au "ml", hayo ni maji. Tafuta "mm", huo ni upana wa mwanya unaofaa kwa unga huo. Ukiona "1–5 mm", maana yake mwanya uwe kati ya milimita 1 na milimita 5. Ukiwa na namba hizo tatu umepata karibu yote unayohitaji.

KAZI YENYEWE

Jumatatu niliingia bafuni mapema. Kwanza niligonga kila kigae kwa mpini wa kisu. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito. Kilicho na uwazi chini hulia kama debe tupu. Vyote vilikuwa vizima.

Halafu nilisafisha mianya. Gundi huwa imepanda katikati ya vigae hapa na pale. Ikiachwa, grauti itakuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu juu yake, nayo itabanduka. Niliikwangua kwa msumari wa bapa, nikafagia vumbi kwa brashi ya rangi. Kazi hii ilichukua nusu ya asubuhi. Haina sifa, kwa kuwa hakuna atakayeiona. Wengi huiruka.

Unga huchanganywa nje, mahali penye hewa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la simenti likiingia kifuani halina faida. Vaa glovu za mpira. Simenti mbichi huunguza ngozi. Haiunguzi papo hapo kama moto. Huanza kwa kuwasha, na jioni unakuta malengelenge. Ukipiga magoti juu ya simenti mbichi ukiwa na nguo iliyolowa, utaungua magoti bila kujua. Ikikurukia mwilini, osha mara moja kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, halafu nenda zahanati.

Mfuko wetu ulisema mililita 280 za maji kwa kilo moja ya unga. Utapimaje bila chombo cha dukani? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Nusu ya chupa hiyo ni mililita 250. Ongeza vijiko viwili vya mezani, kila kimoja mililita 15. Hapo una 280. Mfuko wako unaweza kusema namba nyingine, basi fuata namba ya mfuko wako. Pima hivyo hivyo kila mara. Ukiweka maji mengi leo na machache kesho, sehemu moja itakuwa nyeupe na nyingine nyeusi, ingawa unga ni ule ule.

Maji hutangulia ndani ya ndoo, unga hufuata. Koroga polepole mpaka mabonge yaishe. Kisha acha utulie dakika 5 au 10. Koroga tena. Usiongeze maji. Uji huo uwe mzito kama siagi ya karanga. Ukiuchota kwa mwiko na kuinamisha mwiko, usimiminike. Changanya kilo moja tu kwa mara moja, kwa sababu huanza kushika upesi. Ulioshika ndani ya ndoo, utupe. Wako wanaoulainisha kwa maji ili usipotee. Huo umekwisha kufa, na hautashika tena vizuri.

Chombo cha kujazia ni kibao chenye mpira chini. Kama huna, kata soli ya ndala kuukuu iliyonyooka. Mafundi wengi wa hapa hutumia ndala, na kazi inakwenda. Usitumie mwiko wa chuma, utakwaruza vigae.

Anza kona ya mbali na umalizie mlangoni, usije ukajifungia. Sukuma grauti ndani ya mwanya kwa nguvu. Pita upande mmoja, rudi upande mwingine, mpaka mwanya ushibe toka chini. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huharibu. Hupaka juu, chini pakabaki hewa. Kwa macho ni sawasawa. Baada ya miezi mitatu patatoboka.

Kisha simamisha mpira wako na kukwangua uji uliozidi. Pita mshazari, yaani kutoka kona ya kigae kwenda kona. Usiufuate mwanya kwa urefu wake. Ukiufuata, ukingo wa mpira utazama ndani na kuchota kile ulichojaza.

Sasa ngoja. Kwa joto dakika 15 zinatosha. Siku ile ya baridi mimi nilingoja karibu nusu saa. Gusa kwa kidole. Kisiponasa, anza kufuta. Chukua kipande cha sponji ya godoro, kilowanishe, kikamue mpaka kisidondoshe tone. Futa mshazari, mara moja kwa upande mmoja wa sponji. Geuza, futa tena mara moja. Suuza. Badilisha maji ya ndoo yakichafuka.

Hapo kwenye sponji ndipo usafi wa kazi unapopatikana au kupotea. Mtu mwenye haraka humwaga maji sakafuni na kusugua. Maji hayo huosha simenti na rangi. Mwanya hubaki na mchanga dhaifu unaotoka kwa ukucha. Nilikwenda kuangalia nyumba moja ya wageni ambako kazi ilifanywa hivyo. Mwenye nyumba alidhani ameuziwa unga mbovu. Unga haukuwa na kosa. Ulioshwa kabla ya kushika.

Baada ya saa mbili au tatu utaona ukungu mweupe juu ya vigae. Usishtuke. Pangusa kwa kitambaa kikavu.

Mahali pamoja sikujaza grauti, napo ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Sakafu na ukuta haviendi pamoja, kila kimoja hucheza kivyake. Simenti ikiwekwa hapo hupasuka. Weka silikoni, ambayo ni mpira laini unaotoka kwenye mrija kama dawa ya meno. Subiri grauti ikauke kwanza, ndipo uiweke. Silikoni hiyo niliinunua mimi, na mdogo wangu aliahidi kunirudishia.

Siku mbili zilizofuata nilinyunyiza maji kidogo sana juu ya mianya, asubuhi na jioni, kwa mkono. Simenti haipendi kukauka ghafla. Kama upepo ni mkali na jua ni kali, kama mwezi wa kumi, unyunyizaji huo ni wa lazima. Hakuna aliyekanyaga kwa saa 24 za kwanza, na hakuna aliyeoga mpaka Ijumaa.

MAMA ANAKAGUA

Ijumaa mama alifungua fundo la khanga. Akaingia peku. Hakuangalia kwanza, aliinama akapitisha kidole juu ya mwanya, toka mlangoni mpaka tundu la maji. Akakwaruza kwa ukucha mahali tatu au nne.

Nilielewa anachofanya. Bibi yetu, mama yake, aliishi kwenye tembe, nyumba ya zamani ya Wahehe yenye dari la udongo. Kabla ya mvua, wanawake walipita kutafuta nyufa kwa vidole, wakazisiriba kwa udongo uliokandwa vizuri. Udongo mwepesi ulipasuka tena. Mzito sana haukuingia ndani ya ufa. Mikono ilijua. Mama alifanya kazi hiyo utotoni, na mimi nilimwona akipiga sakafu yetu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mstari kwa mstari, bila alama ya vidole. Watu wanaoniuliza nilijifunza wapi kazi hii hudhani nitataja chuo.

Akasema, "Hapa kwenye kona umekwangua mno." Nikaangalia. Alisema kweli kidogo tu, kama unene wa karatasi. Kisha akaniambia nitoke, anataka kuoga.

Mvua za mwaka ule zimekwisha kupita. Kila nikienda kwa mama huweka kiganja upande wa pili wa ukuta, chini, pale kitandani kwake. Ni pakavu. Mama huosha mianya kwa sabuni ya kawaida na brashi laini. Nimemkataza dawa kali za chooni, zile za asidi, pamoja na maji ya ndimu. Asidi hula simenti. Watu huiona sakafu inang'aa siku hiyo, kumbe mwanya unapungua kila wiki. Nawe mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, pita na msumari kwenye mianya yako. Unapozama, kwangua pale, safisha, jaza upya. Ni kazi ya saa moja.

Unga uliobaki niliufunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikautia kwenye kopo lenye kifuniko na kuandika juu yake rangi, namba na tarehe. Upo chini ya kitanda cha mama.

Mdogo wangu sasa anajenga kwake Makambako. Juzi alinitumia picha kwa simu. Vigae vya sebuleni vimebananishwa bila mwanya hata mmoja, na viwili vimeanza kuinuka. Ameuliza, "Dada, hii ni nini?" Nimemjibu anitumie nauli, pamoja na fedha ya ile silikoni.